Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, kuhusu mvua ambayo bado haijanyesha

Kilwa Masoko, mwezi wa masika

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Huenda nimekutangulia kuzaliwa, lakini cheo nacho kina utu uzima wake, na aliyebebeshwa mfuko wa nchi nzima anastahili kuamkiwa kwanza na kila mtu. Naomba radhi mapema kwa kukuandikia hadharani. Nililelewa nikijua kwamba mkubwa hupelekewa haja nyumbani kwake, kwa faragha, akiwa amepumzika, wala haitwi njiani. Ila haja hii si yangu peke yangu, na nimeona ni adabu zaidi wenye haja wenzangu waisikie na kunisahihisha nitakapokosea, kuliko nikunong'oneze jambo wasilolishuhudia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia. Tangu mwaka 2003 nasoma kipima mvua kilichoko nyuma ya shule niliyofundisha, kila siku saa tatu kamili asubuhi. Nilipostaafu niliombwa niendelee, nikakubali kwa furaha, maana mkono ulikwisha zoea. Nina madaftari 22 yaliyojaa, na la 23 liko mezani ninapoandika. Sina wadhifa mwingine zaidi ya huo. Kama neno lolote humu litakuwa limezidi kimo changu, nakuomba ulihesabu kuwa ni mazoea ya ubaoni, usilihesabu kuwa ni utovu wa heshima.

Najua majuma haya yana kazi nyingi kwako, kwa sababu Juni inakaribia na bajeti ya nchi haiandaliwi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo niseme haja yangu hapa mwanzoni, ili kama una dakika moja tu, iwe imetosha. Ninaomba, kwa unyenyekevu wote nilio nao, kwamba barabara, madaraja na mitaro itakayolipiwa na bajeti yako ipimwe kwa mvua inayokuja pia, isipimwe kwa mvua iliyokwisha kunyesha peke yake. Wapo wataalamu wenye modeli za tabianchi wanaoweza kukueleza habari za mvua hiyo. Wanahitaji kusikilizwa, na wanahitaji vitu vichache ambavyo saini yako ndiyo inayovifungua.

Ukijaliwa dakika zaidi, niruhusu nieleze nilikoanzia.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilitufikia huku kusini mwa pwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kututangazia kabla. Boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na wavuvi wa Kilwa Kivinje wakavuta mashua zao juu kabisa ya mstari wa maji. Naomba kupitia kwako kuwashukuru watabiri wale kwa dhati ya moyo. Wakati ule ni wa maleleji: kaskazi limekwisha katika na kusi halijatulia, na wazee wetu hawakuturithisha hofu ya kimbunga kwa majira hayo. Bila tangazo, watu wangekuwa baharini.

Kimbunga kilipungua nguvu kilipokaribia nchi kavu, lakini mvua yake haikutuhurumia. Jumapili asubuhi nilikwenda kwenye kipima mvua nikiwa nimejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Kipima mvua chetu kina mdomo wa duara, faneli, na chupa ndani yake. Chupa ikijaa, maji humwagikia kwenye kopo la nje, nalo hupimwa vilevile. Katika miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimeyakuta maji kwenye kopo hilo mara chache sana. Siku ile chupa ilikuwa imezama ndani ya kopo. Gilasi ya kupimia hubeba milimita 10 tu kwa mara moja, basi nikawa najaza, namwaga, na kupiga mstari wa chaki ukutani, mitano mitano, kama tulivyokuwa tukihesabu kura za viranja. Nilipomaliza, mvua ya siku moja ilikuwa imepita ile ninayozoea kuipima Mei nzima. Nilisimama kitambo nikiitazama ile chaki. Ng'ambo ya ua, ufuta wa jirani yangu, uliobakiza wiki chache tu kuvunwa, ulikuwa umelala chini wote, maganda yake yamezama topeni.

Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga na kwingineko, na magari yakasimama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Wahandisi walifanya kazi usiku na mchana kutuunganisha tena, nami nawashukuru kama ninavyowashukuru watabiri. Ila nikiwa mwalimu, nilijiuliza swali ambalo halijaniacha hadi leo: yule aliyechora kalavati la kwanza pale Somanga aliambiwa ategemee mvua kiasi gani, na ni nani aliyemwambia?

Jibu la kawaida, Mheshimiwa, ni kwamba aliambiwa na kumbukumbu. Huchukuliwa vipimo vya mvua vya miaka iliyopita, hutafutwa mvua kubwa inayotarajiwa mara moja katika miaka 25 au 50, na kalavati hukatwa kwa kipimo hicho. Njia hii ni ya heshima na imejenga dunia. Ina sharti moja tu: kwamba miaka ijayo itafanana na iliyopita. Sharti hilo ndilo lililovunjika.

Tena kwa mambo ya vimbunga, kumbukumbu zetu ni fupi mno. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Mwezi Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Kisha Hidaya. Mwanafunzi akiniletea kanuni aliyoijenga juu ya matukio matatu katika miaka 150, ningemrudishia daftari. Matukio matatu hayawezi kukuambia kama hatari inaongezeka au imebaki palepale, na ningekuwa ninakudanganya, jambo ambalo Mungu aniepushe nalo, kama ningekuambia Hidaya peke yake ni ushahidi. Kwa sababu hiyohiyo tunahitaji modeli. Modeli inaweza kuendeshwa maelfu ya miaka juu ya bahari yenye joto la zamani, na maelfu mengine juu ya bahari yenye joto la leo, kisha vimbunga vya pande mbili vikahesabiwa na kulinganishwa. Kwa dunia nzima, jibu linalorudi ni kwamba idadi ya vimbunga haitarajiwi kuongezeka, lakini vile vikali vitachukua sehemu kubwa zaidi ya hesabu, na mvua vinayobeba itakuwa nzito zaidi. Majirani zetu wa Msumbiji na Malawi, baada ya vimbunga vya Idai na Kenneth mwaka 2019 na Freddy mwaka 2023, hawahitaji kuelezwa maana ya mvua nzito.

Naomba sasa unipe ruhusa nisimame ubaoni kidogo, kwa sababu nimesikia watu wazima na wenye elimu wakizungumzia modeli hizi kana kwamba ni ramli, na sidhani kama kuna aliyewahi kuwafungulia mlango waone ndani.

Modeli ya tabianchi ni hesabu ya fizikia. Ichukue dunia yote, hewa yake na bahari zake, uigawe katika visanduku, kimoja kando ya kingine na kimoja juu ya kingine, toka sakafu ya bahari hadi juu kuliko mawingu. Ndani ya kila kisanduku andika joto, mgandamizo, upepo na mvuke. Kisha iambie kompyuta ifuate kanuni zilezile tunazofundisha madarasani: kwamba hewa ya moto hupanda, kwamba maji yakivukizwa hula joto na yakigeuka mvua hulirudisha, kwamba mzunguko wa dunia hupinda njia ya upepo. Kila kisanduku kimpe jirani yake anachostahili kwa dakika chache zijazo. Halafu tena. Halafu tena, mpaka itimie miaka mia. Modeli za utabiri wa kesho, zilizotuokoa na Hidaya, ni ndugu wa modeli hizi, zimezaliwa na kanuni zilezile. Ya kesho huulizwa mvua itanyesha wapi na saa ngapi. Ya tabianchi huulizwa mvua za miaka 30 zitakuwa na tabia gani. Haitakuambia kama tarehe 4 Mei 2054 kutanyesha Kilwa, na asidhani mtu yeyote kwamba huo ni udhaifu, kwa kuwa anayejenga daraja hahitaji kujua tarehe.

Mtu wa kwanza kujaribu hesabu hii kwa mkono alikuwa Mwingereza Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akiendesha gari la wagonjwa nchini Ufaransa, na katika mapumziko alikokotoa hali ya hewa ya saa sita tu za tarehe 20 Mei 1910. Hesabu ilimtoa jasho wiki kadhaa, na jibu lilikuwa baya sana: mgandamizo wa hewa ulipanda kwa milibari 145, ilhali siku yenyewe haukubadilika kitu. Alilichapisha jibu lake hivyo hivyo mwaka 1922, likiwa na kosa lake, na mimi humpenda kwa hilo. Waliorudia hesabu zake baadaye waligundua kwamba njia yake ilikuwa sahihi. Tatizo lilitoka kwenye vipimo alivyoanza navyo, vilivyokuwa na kasoro ambazo hesabu ilizikuza. Naomba uliweke hilo kando kidogo, Mheshimiwa, maana nitalirudia nitakapofika kwenye ombi langu la pili.

Baada yake zikaja kompyuta. Mwaka 1967 Syukuro Manabe, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, pamoja na Richard Wetherald, walikokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu, uso wa dunia utapata joto la nyuzi kama 2.3 zaidi. Kompyuta yao ilikuwa dhaifu kuliko simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wangu yeyote. Zaidi ya nusu karne imepita na jibu lao bado limo ndani ya makadirio ya leo. Mwaka 2021 Manabe alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Ramli haidumu hivyo.

Udhaifu upo, nami sitakuficha. Katika modeli nyingi zinazotumika duniani, kisanduku kimoja kina upana wa karibu kilomita 100. Kisiwa cha Unguja chote, chenye urefu wa kilomita kama 85, kinaingia ndani ya kimoja na sehemu ya mkondo wake wa bahari. Lakini wingu la mvua ya radi tunaloliona likijikusanya alasiri lina upana wa kilomita kumi au chini ya hapo. Modeli haiwezi kuliona. Inalazimika kulikadiria kwa kanuni ya jumla, na matokeo yake ni kwamba modeli hizo hunyesha mara nyingi mno na kidogo kidogo mno. Manyunyu mengi, dhoruba chache. Mtu wa Kilwa akiisoma mvua ya modeli kama ilivyo, anajua hapo hapo kwamba haijaishi hapa.

Kwa sababu hiyo, Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza na wenzake walitengeneza modeli ya Afrika nzima yenye visanduku vya kilomita 4.5, vidogo kiasi kwamba wingu kubwa linaweza kukua lenyewe ndani ya hesabu bila kukadiriwa. Iliendeshwa kwa miaka 10 ya hali ya sasa na miaka 10 ya hali inayotarajiwa mwishoni mwa karne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuwa na pande mbili. Mvua kubwa sana zinaongezeka ukali kuliko modeli za visanduku vikubwa zilivyoonyesha. Na vipindi vya ukame ndani ya msimu wenyewe wa mvua, zile siku za jua kali mahindi yakiwa na urefu wa goti, navyo vinarefuka. Mkulima anapata yote mawili kwa msimu mmoja: anaunguliwa, kisha anasombwa.

Faida ya visanduku vidogo inaonekana vizuri zaidi Ziwa Victoria. Ziwa lile ni kubwa kiasi cha kujitengenezea upepo wake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa ikateremka toka pande zote kuelekea ziwani, ikakutana katikati na kupanda, na kufikia alfajiri kunakuwa na radi na upepo mkali palepale walipo wavuvi wa dagaa na taa zao. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa katika ziwa hilo kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, dunia ikizidi kupata joto, dhoruba kali za ziwani zitaongezeka ukali kwa kasi iliyo karibu mara mbili ya zile za nchi kavu inayolizunguka. Katika modeli ya visanduku vya kilomita 100, ziwa lote hilo ni visanduku vichache, na upepo wa usiku unaowaua wale wavuvi haumo kabisa.

Mheshimiwa Waziri, huenda washauri wako walikwisha kukuambia kwamba modeli zinakosea kuhusu Afrika Mashariki. Wamesema kweli, na ningependa ulisikie hilo kutoka kwa mtu anayeziunga mkono. Modeli nyingi zinasema masika yetu yataongezeka karne hii. Lakini toka miaka ya 1980 hadi baada ya 2000, wapimaji waliyaona yakipungua. Wanasayansi wenyewe wanaliita jambo hili fumbo la Afrika Mashariki, na hawajalificha. Utafiti mmoja wa mwaka 2019 ulitoa mwanga mkubwa: masika yalipungua kwa sababu yalichelewa kuanza na yakawahi kukatika, si kwa sababu mvua yenyewe ililegea ilipokuwa inanyesha. Kisha ikaja miaka kama 2018, 2020 na 2024, iliyotuzamisha. Tena modeli nyingi zina kosa jingine la zamani. Zinatupa vuli kubwa kuliko tuliyo nayo na masika madogo kuliko tuliyo nayo, na sababu mojawapo ni kwamba zinakosea namna joto la Bahari ya Hindi linavyogawanyika kati ya upande wetu na upande wa Indonesia. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilitaka kukata tamaa. Mtu asiyejua masika na vuli kipi ni kikubwa, atanifundisha nini?

Ila nikakumbuka wanafunzi wangu. Yuko anayekosea tarehe za vita zote lakini hakosei hata siku moja kusoma ramani, na mwalimu mwenye akili humtuma kwenye ramani. Modeli zinabishana kuhusu jumla ya mvua ya msimu. Kuhusu ukali wa ile mvua kubwa, zinakubaliana, na sababu yake ni nyepesi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja: kila joto la hewa likipanda kwa nyuzi 1, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Hewa hiyo inapominywa na dhoruba, kilichobebwa kinashuka. Hapo kisanduku kiwe kikubwa au kidogo, masika yaongezeke au yapungue, mkupuo mmoja wa mvua utakuwa mzito zaidi. Na kalavati, Mheshimiwa, halivunjwi na jumla ya msimu. Linavunjwa na mkupuo mmoja.

Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilitoa kipimo ambacho mtu wa hesabu za fedha ataona uzito wake kabla ya mhandisi. Mvua kubwa ya siku moja ambayo zamani ilitarajiwa mara moja katika miaka 10, sasa inatokea mara 1.3, hesabu ikichukuliwa kwa nchi kavu zote duniani. Joto likifika nyuzi 2 juu ya lile la kabla ya viwanda, itatokea mara 1.7. Kwa nyuzi 4, mara 2.7. Daraja hujengwa lidumu miaka 50 au 100. Tukilijenga kwa kitabu cha zamani, litakuwa limezeeka siku linapozinduliwa, hata kama zege lake bado lina joto.

Masika ya 2024, kabla hata ya Hidaya, yalikwisha kuua. Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi Aprili kwamba watu 155 wamepoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko, na wengine wapatao 200,000 wameathirika. Wengine wao walikuwa jirani zetu wa bonde la Rufiji. Pale juu tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, fahari ambayo mimi nimeingojea tangu nikiwa kijana. Mlinzi wa bwawa lile anatakiwa kufanya mambo mawili yanayovutana: atunze maji kwa ajili ya ukame unaorefuka, na aache nafasi kwa ajili ya gharika inayozidi kuwa nzito. Hawezi kuamua hayo kwa kutazama mto wa mwaka 1970.

Nimefika kwenye ombi la pili, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu jambo lenyewe linaniuma.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwenda mji mmoja ambao sitautaja. Kituo cha basi nilinunua karanga kwa mama mmoja, naye akanifungia katika karatasi iliyosokotwa kama kawaida. Nilipomaliza kula niliikunjua. Ilikuwa fomu ya mvua ya Aprili 1979, ya kituo fulani cha shamba, imejazwa kwa wino wa buluu, siku 30, kila siku na tarakimu yake, na pembeni mpimaji ameandika kwa mwandiko mzuri: "radi usiku". Nilirudi kwa yule mama nikamuuliza kama anazo nyingine. Alikuwa nazo chache, amezinunua kwa kilo, kutoka kwenye stoo ya ofisi moja iliyokuwa ikisafishwa. Nikanunua zote zilizobaki. Simlaumu, wala simlaumu aliyezitupa, maana hakuna aliyemwambia kwamba zile zilikuwa mali.

Zilikuwa mali kuliko anavyodhani mtu. Modeli haisahihishwi na modeli nyingine. Husahihishwa kwa kuwekwa kando ya mvua iliyopimwa. Mwanasayansi anayetaka kujua kama visanduku vyake vinanyesha kama Kilwa inavyonyesha, hana pa kuuliza ila daftari la mtu aliyesoma kipima mvua saa tatu. Setilaiti husaidia sana, lakini setilaiti huona mawingu toka juu na kukadiria kilichofika chini, na yenyewe hurekebishwa kwa vipima mvua. Panapokosekana kipima mvua, dunia nzima inakisia juu yetu. Kosa la Richardson lilitoka kwenye vipimo vya kuanzia. Tusiwe sisi tunaolirudia kwa kufungia karanga.

Kwa hiyo nathubutu kuomba, nikijua kila shilingi unayoigusa ina watoto wengi wanaoililia. Karatasi za zamani za mvua zilizomo katika stoo za mashamba ya mkonge, misheni, shule na ofisi za serikali zikusanywe, zipigwe picha na kuingizwa kwenye kompyuta kabla mchwa na mvua yenyewe havijazimaliza. Kazi hiyo ingeajiri vijana waliomaliza kidato cha nne kwa gharama ambayo, ukiilinganisha na daraja moja lililosombwa, sidhani itakusumbua. Wapimaji wa kujitolea wapewe posho, hata ya vocha ya simu, ili kipimo kifike siku hiyohiyo. Serikali imefanya jambo jema kuleta rada, ikiwamo ya Mtwara inayotutazama sisi, na ninaishukuru kwa moyo wote. Rada bila kipima mvua chini yake ni macho yasiyo na mkono wa kugusa.

Na wahandisi. Hawa ninawaombea kitu kimoja tu: kila mradi utakaokujia kuomba fedha za barabara, reli au mifereji, uulizwe, kabla hujausaini, umetumia mvua ya miaka gani, na umeongeza kiasi gani kwa ajili ya joto linalokuja. Kiasi chenyewe wakiamue wataalamu, pamoja na watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nchi yetu haina uhaba wa vichwa. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka hiyo, Dkt. Ladislaus Chang'a, alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa lile Jopo la Kimataifa lenyewe. Vijana wetu wanazijua modeli hizi, ila wengi wanazipata zikiwa zimekwisha endeshwa Ulaya, kama mtu anayeletewa chakula kilichopikwa na asiyejua anapenda chumvi kiasi gani. Wakipata kompyuta za kutosha na umeme usiokatika, watayapika masika na vuli yetu wenyewe, na nina imani hawatachanganya kipi ni kikubwa.

Nimekuchosha, Mheshimiwa, nami naomba radhi kwa mara nyingine. Sikuombi mkutano wala jibu refu. Madaftari yangu 22, pamoja na zile fomu za 1979 zilizobaki na harufu ya karanga, nimeyaweka katika sanduku la bati, nimeyafunga kwa plastiki na kuyaweka juu ya matofali mawili. Ukimtuma mtu yeyote kuyachukua, nitamkabidhi siku hiyohiyo bila malipo, naye atanikuta nyumbani wakati wowote isipokuwa saa tatu asubuhi. Ninachoomba ni aje na stakabadhi, ili nijue yamefika wapi.

Wako katika utumishi na heshima,

Mwalimu mstaafu na mpima mvua,
Kilwa Masoko